Usiuguse Ukuta wa Jikoni Kabla ya Kunisoma

Munigi, karibu na Goma,
tarehe 12 mwezi wa pili, 2026

Mudogo wangu mpendwa Habumugisha Julien,

Nakusalimu kwa ile salamu ya kwetu Kalengera, ya kushikana mikono miwili na kuulizana habari mpaka chai ipoe. Mwili wako ni mzima? Mgongo wa mke wako Daniella unamwacha alale? Mtoto Umugwaneza, uliyesema anakohoa, kifua chake kimetulia? Ukinijibu, anza na hayo kabla ya mambo ya nyumba.

Sisi huku tungali hai, na siku hizi mtu wa Goma akikuambia hivyo amekwisha kukuambia mengi. Mama anakula vizuri. Juzi nilimpondea viazi na maharagwe, akaomba mara ya pili. Mguu na mkono wa kuume ni vilevile tangu ugonjwa ulipompiga, lakini akili haijaguswa. Kila anayepita mlangoni anamjua kwa jina lake na jina la baba yake. Mimi ningali nafundisha darasa la nne, watoto sitini na wawili. Nimekonda. Siku tukionana usishtuke.

Barua hii naiandika darasani, watoto wameshakwenda. Utajiuliza kwa nini sikupigi simu. Mimi na mama tunakaa chumba kimoja, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kuna mambo bado sijamwambia. Mama mmoja wa kanisa letu anakuja huko kwenu Lubumbashi kwa kupitia Kigali. Bahasha hii nitampa yeye, aitie mkononi mwako mwenyewe.

Julien, ujumbe wako niliusoma mara nyingi. Umepata apartema yako, na Mungu ashukuriwe. Unaniuliza namna ya kuitengeneza, namna ya kumchagua mtu wa kuisimamia kazi, namna ya kukaa na mafundi wasikuchezee. Unasema, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, wewe umeshapita hiyo njia, unielekeze." Halafu mwishoni unasema Daniella anataka ukuta kati ya jikoni na saloni utolewe, pawe pakubwa, na kwamba fundi amekubali mara moja.

Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Nilikudanganya, mudogo wangu. Mwezi wa tisa nilikuambia kazi ya nyumba yangu ya Kyeshero inaendelea, ila imechelewa kwa sababu simenti haifiki. Si kweli. Ile nyumba hakuna mtu anayekaa ndani yake tena, wala hatakaa. Nawe ulitia pesa zako humo, kwa hiyo una haki ya kujua. Nitakuambia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoona haya.

Unakumbuka kwa nini tuliitafuta. Mama alikuwa amelala Kalengera upande mmoja wa mwili umekufa, njia inafungwa leo inafunguliwa kesho, nami niko Goma sijui kama amenyweshwa maji. Tulipofaulu kumleta nilimweka huku Munigi, kwenye chumba cha kupanga, nikamwambia ni kwa majuma machache tu. Nilikuwa nimepata apartema ya chini katika jengo la etaje moja, familia nne: mbili chini, mbili juu. Chini, ili kiti cha magurudumu kiingie bila kupanda ngazi.

Juu yangu alikaa mama mmoja jina lake Munezero, muuza vitenge, pamoja na mume wake na watoto watatu. Siku ya kwanza alishuka na termosi ya chai, akasema, "Jirani, karibu. Mama yako akifika, mutoto wangu mukubwa atakuwa anamusomea Biblia." Ndivyo alivyo.

Jikoni ilikuwa nyembamba, mtu mmoja anasimama, wa pili anabaki mlangoni. Kiti cha mama kisingeingia kamwe. Nami kila nikifumba macho nilimwona mama kando yangu nikipika, ananigombeza kwa ajili ya chumvi kama zamani. Mama asiyeweza kutoka nje, basi angalau awe jikoni, mahali ambapo neno lake lina uzito. Kwa ajili hiyo nilitaka ule ukuta uondoke. Nakuambia hivi usije ukafikiri ilikuwa anasa.

Nikaulizia mtu wa kazi. Rafiki mmoja akaniletea Bashige, ambaye watu walimwita enjenia. Alikuja na kofia nyeupe ya shantie, ya watu wa ujenzi, viatu safi, na picha za nyumba nzuri kwenye simu yake. Kila nililosema, jibu lake lilikuwa moja: "Hakuna shida, mama." Dirisha kubwa zaidi? Hakuna shida. Choo cha mtu asiyetembea? Hakuna shida. Ukuta wa jikoni? "Ule ni wa kugawanya tu, mama. Tunauondoa, tunaweka boriti ya beton, zege kabisa, na vyuma ndani, unasahau kama ulikuwako."

Julien, nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa hapana: njia hapana, banki hapana, dawa hapana. Mtu huyu alisema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza, nami nikaona ni malaika. Leo nakwambia, mtu wa namna hiyo mwogope. Mjenzi anayejua kazi lazima kuna mahali atakukatalia. Na zile picha za simuni usizitazame hata kidogo. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoitengeneza miaka mitano nyuma, umsalimie mama anayepika humo, umuulize mvua inaingilia wapi. Mimi sikwenda popote. Hata karatasi hatukuandikiana, kwa sababu aliapa kwa jina la Bwana nami nikaona haya kumdai sahihi.

Kati ya mafundi aliowaleta kulikuwa na mzee mmoja wa Masisi, Nzabonimpa. Huyu hakuwa msemaji. Asubuhi waliyotakiwa kuvunja, wenzake walikuwa wameshika nyundo, yeye akaomba wangoje. Akaupapasa ule ukuta kwa kiganja toka chini hadi juu. Akatoka nje akalitazama jengo. Akapanda kwa Munezero, akabisha hodi, akapima kwa hatua zake sakafu ya juu. Aliporudi alinivuta pembeni.

"Mama mwalimu, huu ukuta mimi siwezi kuupiga," akasema. "Njo unabeba batu ba juu. Ukuta wa kwao umekaa juu ya huu wako."

Nikamwambia enjenia amesema ni wa kugawanya tu.

"Enjenia hakupanda kule juu. Mimi nimepanda. Tuuache, mama. Nikupanulie mulango, niweke linta ya nguvu juu yake, kiti ya mama yako itapita."

Hapo ndipo, Julien. Hapo ndipo ningeweza kusimamisha kila kitu. Mzee alikuwa amenipa hata njia nyingine, na kiti kingepita. Lakini Bashige alikuwa amefika, akacheka, akasema wazee wa kijijini wamezoea nyumba za mbao. Mafundi wengine nao wakacheka. Nami niliona haya mbele yao, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nafundishwa kazi na mtu asiyejua kusoma. Nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Muzee, mimi sikukuita kunipa masomo. Kama kazi imekushinda, wengine wapo."

Mzee alitia mwiko wake na nivo yake, kile kipimo cha kunyoosha ukuta, ndani ya gunia, akaondoka. Lakini kabla ya kutoka uani alipanda tena kwa Munezero. Baadaye nilijua alichomwambia: kitanda cha watoto kilichokuwa kwenye pembe iliyo juu ya ule ukuta akitoe, akiweke upande wa mlango, na asiulize sana. Munezero alikitoa, kwa heshima ya mvi tu. Mimi niliposikia nilikasirika mara mbili. Nilijisemea moyoni kwamba anakwenda kutangaza jina langu vibaya kwa majirani.

Ukuta ulivunjwa kwa siku moja. Boriti iliwekwa nikiwa shuleni katika mkutano wa walimu. Niliporudi ilikuwa imeshapakwa simenti, laini, nzuri. Bashige akaigonga kwa ngumi, akasema, "Hii itakuzika, mama." Nilicheka.

Mudogo wangu, usikubali kitu kifunikwe kabla hujakiona kwa macho yako. Waambie wangoje hata siku tatu. Wakinuna, wanune.

Siku kumi na moja zilipita. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Nilikuwa ndani napima mapazia, kwa sababu Jumapili ya pili yake ndiyo nilikuwa nimepanga kumhamisha mama. Nikasikia sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa, ndefu, juu ya kichwa changu. Ufa ulitembea darini kutoka dirishani hadi pale palipokuwa na ukuta. Nilikimbia nje. Nilipogeuka kupaza sauti, ile pembe ya juu iliinama, ikashuka yote na vumbi lake.

Watoto wa Munezero walikuwa uani wanaruka kamba. Kitanda chao kilikuwa upande wa mlango. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameingia chumbani kumchukulia mteja kitenge kwenye sanduku, na sanduku alikuwa ameliweka kwenye ile pembe iliyobaki wazi.

Wanaume wa avenyu, mtaa wetu, walimtoa chini ya mawe. Alikuwa anaita majina ya watoto mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia. Nyonga ilivunjika na mguu wa kushoto ukasagika mahali pawili. Alilala hospitalini karibu miezi mitatu. Hatatembea tena kama alivyotembea. Mimi nilikuwa natengeneza nyumba kwa ajili ya mama mmoja asiyeweza kutembea, na sasa wako wawili.

Kwenye kifusi nilikiona kilichokuwa ndani ya ile boriti. Miti miwili ya eukaliptusi, mibichi, imefungwa kwa waya na kupakwa simenti juu. Hakukuwa na beton. Hakukuwa na chuma hata kimoja.

Bashige alikuja hospitalini siku ya tatu. Kofia hakuwa nayo. Aliketi kwenye benchi kando yangu, akasema, "Mama, mimi ni mupaka rangi. Kazi ya rangi naijua. Hii ingine nilikuwa najaribu. Nilidhani itashika." Alilia kweli, si kwa kuigiza. Kesho yake simu yake haikupatikana, na mpaka leo hakuna anayejua aliko. Nimshitaki wapi? Unajua mambo ya mahakama yalivyo kwetu sasa.

Wakaguzi wa majengo walikuja, wakazunguka, wakachora alama nyekundu ukutani. Familia zote nne zikatoka. Kila mmoja alienda alikopata, nami nikaja kukaa na mama katika kile chumba cha majuma machache. Kila asubuhi ananiuliza kama rangi imekauka. Namjibu kwamba mvua ni nyingi, bado.

Ungefikiri hayo ndiyo niliyoogopa kukuandikia. Hapana. Bado kuna moja.

Wiki ile ya kwanza nilikwenda kwenye kitanda cha Munezero. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, polepole: "Ule muzee aliyeniambia nitoe kitanda, na wewe alikuambia?"

Nikasema, "Hapana. Mimi hakuniambia kitu."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa limeshatoka. Munezero akanishika mkono, yeye aliyevunjika, akasema, "Basi tulidanganywa sisi wote, dada. Usijiue na mawazo."

Na neno langu likatembea, maana mafundi waliosikia kweli walikuwa wametawanyika na Bashige, na muzee akijitetea hakuna aliyemwamini. Mume wake akauliza watu: inakuwaje fundi ajue nyumba itaanguka, amwambie jirani, asimwambie mwenye nyumba? Kama si kwamba alikuwa na ubaya wake, alijuaje? Wengine wakasema ni yeye aliyelegeza kitu kwa hasira ya kufukuzwa. Wengine wakataja uchawi. Vijana wa avenyu walimngoja njiani wakamnyang'anya lile gunia lake la vyombo. Hakuna shantie iliyompokea tena. Muzee Nzabonimpa, ambaye alitaka kuwaokoa watoto watatu kwa neno moja, akawa anauza makala, yaani mkaa, kwa makopo, huku huku Munigi, njia mbili tu kutoka kwangu. Nilikuwa namwona kwa mbali nikienda shuleni. Nilikuwa nageuza njia. Miezi mitano, Julien. Kila Jumapili nimepokea komunyo na neno lile likiwa mdomoni.

Ndipo ukaja ujumbe wako, na fundi wako aliyekubali mara moja.

Jumamosi iliyopita sikugeuza njia. Nilimkuta muzee ameketi kwenye kigogo, mikono myeusi kwa makala. Nilimwambia yote, na kwamba ni mimi niliyelikana neno lake. Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Ile boriti, walitia muti gani?"

Nikasema eukaliptusi, mibichi.

Akatikisa kichwa kwa muda, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo cha mtu anayemjua. "Ingekuwa hata mikavu," akasema. Kisha akanitazama. "Kwa mimi umekuja mapema, mama mwalimu. Enda kwanza kwa ule aliyevunjika."

Jumapili baada ya misa nikaenda Kyeshero, anakokaa kwa dada yake. Munezero alifurahi kuniona. Aliniwekea kiti, akamwagiza mtoto chai. Mume wake alikuwepo. Nilisema kabla chai haijafika, maana nilijua nikiinywa nitashindwa. Nilisema, "Muzee aliniambia. Aliniambia mbele ya watu, nikamtukana. Wewe uliponiuliza, nilikudanganya."

Mume wake alisimama, akaketi tena. Munezero akanyoosha mkono akachukua magongo yake. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia kwa macho. Aliinuka mwenyewe, taratibu, jasho likimtoka usoni, akavuka chumba chote mpaka mlangoni, akaufungua, akabaki ameushikilia.

Nikatoka.

Jumatatu nilisikia mume wake amekwenda kwa wale vijana kudai vyombo vya muzee. Nivo imerudi. Mwiko walikuwa wameshauuza. Jina lake litachukua siku nyingi zaidi kurudi. Mimi majirani wa zamani hawanisalimu tena, na wana haki. Mama naye lazima nimwambie wiki hii, kabla hajaambiwa na mpita njia. Sijui nitaanza na neno gani. Nimefundisha watoto kusema kweli miaka ishirini na sita, na mbele ya mama yangu mwenyewe sina sentensi ya kwanza.

Uliomba shauri, na kama unavyoona sina mashauri ya mtu aliyefaulu. Ninayo haya tu. Mwambie fundi wako aweke nyundo chini. Panda kwa jirani wa juu, ubishe hodi, uone kilichosimama juu ya huo ukuta. Tafuta mzee mmoja asiye na cheo, ambaye amejenga mpaka mikono imepinda, umuulize yeye, na Bashige wako asiwepo hapo. Akikwambia hapana, hata kama watu wote wanacheka, Julien, umwamini. Daniella atapika katika jikoni ndogo. Watu wengi wamepika humo na hawakufa.

Nisalimie Daniella, umwambie simkatazi uzuri, namwogopea tu. Nisalimie Umugwaneza na Samy, na shangazi Nyiramahirwe ukimwona. Mwambie mama anamtaja. Barua hii usiwasomee watoto. Ila Daniella umsomee yote.

Bwana awafunike ninyi pamoja na wale wanaolala juu yenu na chini yenu. Mimi uniombee, sina tena uso wa kujiombea.

Ni mimi yaya wako, ambaye kukupenda ndicho kitu pekee ambacho sijakiharibu,

Uwimbabazi Wivine